Rangi za chini ya vyombo vya baharini na sumu zake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wenye boti, mafundi, manahodha, wapiga mbizi, wakulima wa mwani na yeyote anayekula cha baharini. Maswali ni yale ambayo watu huuliza wakishaona maji mekundu yakichuruzika kutoka kwenye chombo siku ya kukwangua.

Rangi yenyewe ni ipi, na inapakwa kwa nini?

Ni ile inayopakwa sehemu ya chombo inayozama, mara nyingi nyekundu ya kutu, nyeusi au buluu. Chombo kikikaa majini, ndani ya siku chache kinashika utelezi, baadaye mwani, kisha wale wadudu wa magamba meupe makali yanayochana mikono, kome, na minyoo inayojijengea mirija ya chokaa. Kikishajaa hivyo kinakuwa kizito, kinaburuta maji, na mashine inakula mafuta zaidi kwa mwendo uleule. Vyombo vya mbao vina adui mwingine: wadudu watoboao mbao. Ubao unaweza kuonekana mzima kwa nje, kumbe ndani ni matundu matupu.

Rangi inazuia haya yote kwa sumu. Inaiachia majini kidogo kidogo, mchana na usiku, ili chochote kinachotaka kung'ang'ania pale kife au kiondoke. Ukilielewa hili, mengine yote yatakuwa rahisi: rangi ya aina hii lazima ivuje ndipo ifanye kazi. Sumu uliyoinunua kwenye kopo, sehemu kubwa yake itaishia baharini.

Wazee walifanyaje kabla ya makopo haya?

Walipaka deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, sehemu ya chini, na sifa, mafuta ya maini ya papa, kwenye mbao za juu. Chombo kilipandishwa ufukweni wakati wa bamvua, maji yanapojaa juu zaidi, kikawekewa magadi, yaani miti ya kukiegemeza, kikakwanguliwa, kikachomwa kwa moto wa makuti ili wadudu wa mbao wafe, ndipo kikapakwa. Baada ya miezi michache kazi ilirudiwa. Wapo mafundi wa mwambao wanaofanya hivyo hadi leo, na ni kazi safi kwa bahari kuliko nyingi zilizokuja baadaye.

Waingereza walikwenda njia ya shaba. Mwaka 1761 manowari yao HMS Alarm ilivikwa mabati ya shaba chini yote. Mwani na wadudu walikoma, lakini shaba na misumari ya chuma vikiwa pamoja kwenye maji ya chumvi, chuma kinaliwa, na ndivyo ilivyotokea. Kwa hiyo shaba si jambo geni: imekuwa ikifukuza viumbe wa baharini kwa zaidi ya miaka 250, na leo ndiyo inayotumika zaidi ndani ya rangi.

TBT ni nini?

Ni kifupi cha tributilitini, kemikali inayotengenezwa kwa kuunganisha bati na kaboni. Ilianza kutiwa kwenye rangi za vyombo miaka ya 1960. Katika miaka ya 1970 ikaja rangi inayojilainisha yenyewe: tabaka la juu linalika taratibu na maji, sumu mpya inajitokeza, na meli inaweza kukaa miaka kadhaa bila kupanda gudini, yaani kutolewa majini ili ikarabatiwe. Kwa wenye meli ilikuwa neema kubwa. Kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ya meli za dunia ilikuwa imepakwa hiyo.

Ilijulikanaje kwamba ni hatari?

Waliogundua mwanzo walikuwa wafugaji wa chaza wa Arcachon, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Ghuba yao imefungwa karibu pande zote, ina mlango mwembamba kuelekea Bahari ya Atlantiki, na msimu wa joto inajaa maelfu ya boti za starehe. Kuanzia mwaka 1977 chaza wadogo waliacha kupatikana. Wakubwa walitaga, lakini vichanga vilikufa kabla ya kushika mahali, msimu baada ya msimu, hadi mwaka 1981. Na wale wakubwa waliokuwepo wakaharibika maumbo: gamba lilinenepa kwa tabaka juu ya tabaka, katikati kukiwa na mifuko ya kitu kama jeli, hadi chaza mwingine akawa mviringo kama mpira. Ukimbandua unakuta nyama kiduchu. Hakuna anayenunua chaza wa namna hiyo.

Mavuno yalishuka kutoka zaidi ya tani 10,000 kwa mwaka hadi karibu tani 3,000 mwaka 1981. Familia zilizoishi kwa chaza vizazi na vizazi zilijikuta hazina kazi, na wao hawakuwa wamepaka kitu chochote kibaya. Watafiti wa Ufaransa, Claude Alzieu akiwa mmoja wao, walifuatilia chanzo hadi kwenye TBT iliyokuwa ikitoka chini ya boti. Januari 1982 Ufaransa ikakataza rangi hizo kwa vyombo vya chini ya mita 25, na mwaka uleule chaza wadogo wakaanza kurudi. Uingereza ilifuata mwaka 1987, Marekani mwaka 1988.

Kisa hiki ninakirudia kila ninapopata nafasi, kwa sababu kinafanana sana na hali ya vijito vyetu na bandari ndogo za ndani ya mikoko: maji yanayobadilika polepole, boti nyingi zimefungwa pamoja, na watu wanaotegemea viumbe wasioweza kukimbia.

Ni kweli konokono majike waliota uume?

Ni kweli. Mwaka 1970 ilielezwa kwamba konokono majike wa baharini huko Plymouth, Uingereza, walikuwa na kiungo kama cha dume. Mwaka uliofuata jambo hilohilo likaelezwa kwa konokono wa Marekani, na waliokuwa karibu na sehemu za kuegesha boti ndio walioathirika. Katikati ya miaka ya 1980 watafiti wa Plymouth, Bryan na Gibbs, wakalifunga na TBT bila shaka.

Jike anaota uume na mrija wa mbegu za kiume. Mrija huo ukiendelea kukua unaziba njia ya mayai. Mayai yanatengenezwa ila hayatoki, yanajazana ndani, na mwishowe jike hufa. Konokono wa Plymouth hana vichanga vinavyoelea kwenda mbali. Mtoto hutoka kwenye yai palepale mwambani. Kwa hiyo ukoo wa sehemu moja ukishaisha, hakuna wa kuja haraka kuziba pengo.

Kiasi gani kinatosha kufanya hayo?

Nanogramu moja au mbili kwa lita ya maji; nanogramu ni gramu moja ikigawanywa mara bilioni. Chukua bwawa la urefu wa kilomita moja, upana wa kilomita moja na kina cha mita moja, kisha tia gramu moja ya TBT. Umeshafika kwenye nanogramu moja kwa lita. Rangi ya boti moja ilibeba gramu nyingi mno kuliko hiyo moja.

Lakini si imeshakatazwa duniani kote?

Mkataba upo. Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, liliupitisha Oktoba 2001: rangi zenye misombo ya bati isipakwe tena kuanzia Januari 2003, na isiwepo kabisa juu ya vyombo kuanzia Januari 2008. Mkataba wenyewe ulianza nguvu ya kisheria tarehe 17 Septemba 2008. Mwaka huo huo TBT ikaingizwa pia kwenye orodha ya Mkataba wa Rotterdam unaosimamia biashara ya kemikali hatari.

Matokeo yameonekana. Kwenye pwani za Norwei na Uingereza konokono wamerudi mahali pengi walikokuwa wamepotea, na majike ni wazima. Katazo linapofuatwa, bahari inaitika.

Lakini sheria na soko ni vitu viwili. Hadi mwaka 2021 watafiti walizikuta bidhaa zenye TBT zikiwa bado zinauzwa, miaka 13 baada ya mkataba kuanza kazi. Kopo la bei poa lisilo na karatasi ya maelezo, au lililomiminwa kwenye ndoo nyingine, usilichukue.

Mkataba huo unagusa boti yangu ya mita nane?

Katazo la kutumia TBT linahusu vyombo vya nchi zilizojiunga, vikubwa kwa vidogo. Karatasi ndizo zinazotofautiana. Meli ya tani 400 au zaidi inayokwenda nchi za nje lazima iwe na cheti cha kimataifa cha rangi yake. Ya mita 24 na kuendelea lakini chini ya tani 400, mwenyewe anasaini tamko. Chini ya hapo hakuna mkaguzi atakayekuja kuuliza, na hapo ndipo dhamira ya mwenye chombo na fundi wake inapobeba kila kitu.

Sumu ya zamani bado ipo?

Ipo, chini. Ndani ya maji yenye mwanga na hewa TBT huvunjika kwa siku au wiki. Ikishazama kwenye tope lisilo na hewa hukaa miaka, hata miongo. Ndiyo maana bandari za zamani na maeneo ya kukarabati meli hubaki na akiba yake chini, na ukichimba kuongeza kina bila kupima tope kwanza, unaifufua.

Meli ikipanda mwamba ni balaa jingine. Novemba 2000 meli ya makontena Bunga Teratai Satu ilikwama kwenye mwamba wa Sudbury, ndani ya matumbawe makubwa ya Australia. Mafuta hayakumwagika, ila rangi ya chini ilikwanguka na kubaki juu ya mwamba na katika mchanga wa matumbawe yaliyosagika, ikiwa na TBT, shaba na zinki. Tarehe 3 Aprili 2010 ikawa zamu ya Shen Neng 1 iliyobeba makaa ya mawe, kwenye mwamba wa Douglas. Mwaka 2016 wenye meli walikubali kulipa dola za Australia milioni 39.3, na rangi iliyoachwa pale ilikuwa sehemu kubwa ya madai. Meli inapokwama kwetu watu huuliza kwanza kuhusu mafuta. Waulize na rangi.

Basi rangi za shaba za siku hizi ni salama?

Zina nafuu kubwa kuliko TBT. Salama sisemi.

Shaba ni madini: haiozi wala haivunjiki, inahama tu kutoka kwenye boti kwenda kwenye maji na tope. Mwili wa kiumbe unaihitaji kidogo sana, ikizidi kidogo tu inakuwa sumu, hasa kwa vichanga vya kome na chaza. Kwa matumbawe inazuia mayai na mbegu kuungana. Samaki aina ya salmoni wakipata shaba kidogo hupungukiwa na uwezo wa kunusa, na samaki asiyenusa hajui adui yuko wapi.

Mahali palipopimwa vizuri ni bandari ya boti za starehe ya Shelter Island, San Diego, Marekani. Pana zaidi ya boti 2,000. Wakuu wa maji wa huko walipopiga hesabu ya shaba yote inayoingia, asilimia 98 ilitoka kwenye rangi za boti, na mwaka 2005 wakaamuru ipunguzwe kwa asilimia 76. Sehemu ndogo tu ilitokana na kusugua. Iliyobaki yote ilitoka kwa boti kukaa pale, zimefungwa, hazifanyi lolote. Baadaye California ikaweka kikomo cha kasi ya kuvuja kwa rangi za boti za starehe.

Juu ya shaba huongezwa kemikali za kusaidia, kwa sababu baadhi ya mwani umezoea shaba: diuroni, zinki pirithioni, na iliyokuwa maarufu kuliko zote, saibutrini, ambayo sokoni iliitwa Irgarol 1051.

Saibutrini ina shida gani?

Ni dawa ya kuua magugu. Inazuia mmea kutengeneza chakula chake kwa mwanga. Iliwekwa ili kuua mwani chini ya meli, lakini baharini haichagui: inagusa majani ya baharini ambamo tasi na kasa wanakula, na inagusa vijimea vidogo sana vinavyoishi ndani ya matumbawe na kuyalisha. Mwaka 1993 iliripotiwa kwenye maji ya pwani ya Côte d'Azur, Ufaransa, na tangu hapo imeonekana kila ilikotafutwa kwa bidii. Zanzibar nako imepimwa kwenye maeneo ya matumbawe, na matokeo yalichapishwa mwaka 2016.

IMO iliiongeza kwenye katazo mwaka 2021, na tangu tarehe 1 Januari 2023 hairuhusiwi kupakwa. Meli zilizokuwa nayo zinapaswa kuiondoa au kuifunika kwa rangi nyingine zikipanda gudini kufanyiwa upya. Makopo yaliyobaki stoo hayajui tarehe, kwa hiyo soma.

Mwani wetu unageuka mweupe na kukatika. Ni rangi za boti?

Msikimbilie kusema hivyo. Kwa wakulima wa mwani wa Zanzibar, kilimo kilichoanza kushika kasi Paje na Jambiani mwaka 1989, weupe ule unahusishwa zaidi na maji kupata joto kupita kiasi na mabadiliko ya chumvi. Hata hivyo dawa ya kuua mwani haina nafasi karibu na shamba la mwani. Akina mama wana haki ya kukataa boti zisikwanguliwe wala kupakwa kwenye ufuko unaoelekea kamba zao, na ningewaunga mkono mbele ya kamati yoyote ya ufuo.

Naweza kula chaza na kome wa bandarini?

Ningewaacha. Viumbe hawa huchuja maji mengi kutwa na kubakiza kilichomo, na kupika hakuondoi shaba wala bati. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya mwaka 2004 iliweka kikomo cha mikrogramu 0.25 za misombo ya bati kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku, wasiwasi ukiwa kinga ya mwili. Samaki wa kina kirefu ni habari nyingine, hao kula.

Siku ya kukwangua nifanyeje?

Hapa ndipo mwenye boti ndogo anaweza kuokoa kingi kuliko mahali pengine popote. Tazama kinachofanyika mara nyingi: boti inalazwa ufukweni maji yakiwa yamekupwa, vijana wanakwangua kwa chuma, vumbi jekundu linatapakaa mchangani, saa sita baadaye maji yanajaa na kulibeba lote. Kaa wa mchangani wanapita juu yake, na watoto wanachezea palepale.

Chelezo au yadi yenye sakafu ya saruji ikiwepo, nenda huko. Isipokuwepo, vuta boti juu ya alama ya maji ya bamvua, si juu ya alama ya maji ya leo, na utandike turubai pana kuzunguka magadi, litokeze mita moja au zaidi kila upande. Lowesha kabla ya kukwangua. Vumbi kavu ndilo linaloingia mapafuni, na msasa wa umeme juu ya rangi kavu ya shaba ni hatari kwa fundi kabla haujawa hatari kwa samaki. Avae barakoa ya vumbi inayobana, miwani na glavu, abadilishe nguo kabla ya kurudi kwa watoto nyumbani. Usiruhusu kuchoma rangi ya kopo kwa moto wa makuti. Ule moto ulikuwa wa mbao na deheni, na moshi wa rangi hizi ni sumu.

Jioni kunja turubai taratibu kutoka pembeni kuelekea katikati, mimina magamba na unga kwenye gunia lisilovuja, funga. Brashi, rola na makopo matupu vifuate mle mle. Usioshe brashi baharini.

Na usisugue chombo chenye rangi ya shaba kikiwa majini kwa brashi ngumu. Utaona wingu la rangi likitoka. Ile ni sumu ya miezi inatoka kwa dakika. Sponji laini inatosha kuondoa utelezi.

Nichague rangi gani?

Anza na swali la kama unaihitaji. Ngalawa au boti ya faiba inayovutwa ufukweni kila baada ya kuvua haihitaji sumu yoyote: jua na kukauka vinafanya kazi hiyo. Nimeona zikipakwa rangi ya gharama kwa sababu tu jirani amepaka. Chombo cha mbao kinachopanda kila bamvua kinaweza kuishi kwa deheni, mradi mwenyewe asichoke kukwangua.

Chombo kinachokaa majini miezi kina hoja ya kupakwa. Chukua yenye kiwango kidogo cha shaba kinachofaa maji yako, na isiyo na dawa za kuua mwani za nyongeza. Chombo cha alumini usikipake shaba, kitaliwa. Kwa vyombo vya mwendo wa kasi vinavyosafiri karibu kila siku, kama boti za abiria, kuna rangi za silikoni zisizotegemea sumu: zinateleza, na wadudu wanabanduka chombo kikishika mwendo. Ni ghali, zinachubuka kirahisi, na hazifai boti inayolala wiki nzima. Aina nyingine za silikoni zimetiwa sumu pia, kwa hiyo uliza.

Kwa nini zisikatazwe zote?

Kwa sababu meli isiyopakwa kitu nayo ina madhara. Inachoma mafuta zaidi, na inabeba viumbe wageni kutoka bandari moja hadi nyingine, ambao wakizoea hawatoki. IMO ilitoa mwongozo wa jambo hilo mwaka 2011 na kuupitia upya mwaka 2023. Maoni yangu ni kwamba sumu ibaki kwa meli zisizo na njia nyingine, na boti za starehe zinazolala kwenye vijito ziwe za kwanza kuachana nayo.

Nina kopo la zamani stoo. Nifanye nini?

Tafuta kwenye karatasi yake maneno "tributyltin", "TBT", "organotin", "cybutryne" au "Irgarol". Likiandikwa "TBT free" halina TBT, ila bado linaweza kuwa na mengine, soma hadi mwisho. Ukilikuta mojawapo, au karatasi imetoka kabisa, usilipake, usimpe mtu, wala usilitumie kupaka nguzo za nyumba dhidi ya mchwa kama wengine wafanyavyo. Usilimwage chooni, usilichome, usilifukie ufukweni. Funga kifuniko vizuri, weka ndani ya ndoo yenye mfuniko, andika juu kwa herufi kubwa SUMU, hifadhi mbali na watoto na mbali na kisima. Kisha piga simu kwa mamlaka ya mazingira: NEMC ukiwa Tanzania Bara, ZEMA ukiwa Zanzibar, au NEMA ukiwa Kenya, uulize wapi taka za kemikali zinapokelewa. Wakikuzungusha, rudi tena, na uende na wenzako wenye boti; makopo kumi yakiorodheshwa pamoja husikika kuliko moja.